Sura ya Breki Si ya Gari Lake

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na ukiweza unisaidie upesi, maana nakuandikia nikiwa nimesimama kwenye kaunta, nikikaa nainuka, nikisimama nazunguka meza, na wateja wameanza kuniuliza kama nina homa. Jana nimekata utafiti mzima wa mwanafunzi vibaya, nusu ya maneno yamebaki kwenye boksi la vipande, kitu ambacho hakijawahi kunitokea tangu niijue mashine. Sili nikashiba, silali nikalala.

Mimi ni mama wa makamo, nina duka la kurudufu na kujalidi vitabu karibu na chuo, watu wananiita Mama Jalada, na sijisifu lakini kitabu nikikifunga mimi kimefungwa, hata ukikikalia. Nina binti mmoja tu, niliyemlea peke yangu, na Jumamosi ya wiki ijayo anaolewa, na kinachonikosesha raha si harusi, ni breki za gari litakalombeba siku hiyo, kwa sababu breki hizo zinakwenda kuharibiwa na kitabu nilichokitengeneza mimi mamake kwa mikono yangu.

Ngoja nianzie mwanzo nisije nikakuchanganya. Nina gari dogo la zamani, rangi ya krimu, lile ambalo watu wakiliona wanasema kumbe haya bado yapo, na lilikuwa linanilaza njiani kila mara, na mafundi kila mmoja ananiambia lake, huyu anasema kabureta, yule anasema plagi, wa tatu anafungua tu ili aonekane anafungua, mpaka nikaamua kutafuta kitabu cha ufundi cha gari lenyewe, kile cha kiwandani kinachoonyesha kila nati na mahali pake. Mshauri, vitabu hivi havipatikani. Nimezunguka kwa wauza vitabu vya mitumba, nimekwenda kwa wauza spea kuukuu, wengine wananicheka, mama wee, nunua gari jipya tupumzike sote, hadi nikakipata kimoja kwenye ghala la vyuma chakavu, kimewekwa chini ya mguu wa kitanda cha mlinzi ili kitanda kisiyumbe, sura za mwanzo nzima, za mwisho zimeliwa na mchwa, ya breki na ya usukani hazipo kabisa. Nikakichukua hivyo hivyo. Baadaye mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi akanipa kingine, hakina jalada wala kurasa za mbele, lakini jina la gari limeandikwa juu ya kila ukurasa na sura za breki na usukani zipo zote, na mimi kwa furaha nikasema Mungu ni mkubwa, vimekutana.

Sasa hapo ndipo nilipoharibu, na nadhani mtu asiyekuwa mjalidi asingeharibu namna hii. Kurasa za kitabu cha pili zilikuwa ndefu kidogo kuliko za kile cha kwanza, na mimi kurasa zisizolingana zinaniwasha mwilini, siwezi kuziangalia, kwa hiyo nikaziweka zote kwenye mashine ya kukatia, nikakata juu, nikakata chini, zikawa sawa kabisa. Ule ukanda wa juu nilioukata ndio uliokuwa na jina la gari na mwaka wa toleo. Nikafuta namba za zamani za kurasa, nikaweka zangu moja hadi mwisho, nikajalidi kwa kitambaa chekundu, mgongoni maandishi ya dhahabu, na ukikishika huwezi kujua kwamba ni vitabu viwili. Hata mimi baada ya muda nikasahau kwamba ni viwili.

Na kimenisaidia, siwezi kukisingizia. Nimebadilisha plagi mwenyewe, nimebadilisha waya wa klachi mwenyewe, feni ya rejeta iliyowashinda watu watatu nimeiweka sawa mimi na gauni langu la kazi, kitabu nimekiegemeza kwenye tairi la akiba. Zile zote zilikuwa sura za kitabu cha kwanza, na mimi nikazidi kukiamini kitabu chote.

Binti yangu akapata mchumba, kijana mtulivu, hana neno na mtu, shida ilikuwa babake. Mzee huyu alikuwa mkaguzi wa mizani, maisha yake yote amezunguka madukani kuangalia kama kilo ni kilo, amestaafu lakini jicho halijastaafu, na tangu mwanzo alikuwa hatutaki, alimwambia mwanawe kwamba binti wa duka la fotokopi amelelewa kwa kukadiria, kwamba sisi watu wa biashara ndogo ndogo mambo yetu yote ni ya takriban. Uchumba ukapigwa danadana mpaka binti yangu akaanza kukonda. Siku tulipokwenda kwao kujitambulisha nikaona uani kuna gari limefunikwa turubai, nikainua pembe moja, Mshauri, ni ndugu wa gari langu, toleo lilelile, taa zilezile, tofauti ni rangi tu. Safari ya pili nikampelekea zawadi, nimekitoa nakala kitabu changu chote na kukijalidi vilevile, kitambaa chekundu na dhahabu yake. Mzee akakipokea, akakifungua, akapitisha kidole kwenye kingo za kurasa. Tukanywa chai, tukala, tukaongea mpaka maneno yakaisha, kitabu kiko mapajani kwake, na tulipokuwa tunaaga akamgeukia mwanawe akasema, "Huyu mama ni mtu wa kazi safi. Endeleeni." Ikawa imekwisha hivyo, neno hilo moja ndilo lililompa mwanangu mume.

Tangu hapo ananipigia simu kila jioni. Amesema bibi harusi hatabebwa na gari la kukodi, atabebwa na gari lake yeye, na amelivua turubai analitengeneza kwa kufuata kitabu sura kwa sura, haruki hata moja. "Mzazi mwenzangu, leo nimemaliza sura ya kupoza injini. Kitabu chako hakina mfano." Kesho yake, "Mzazi mwenzangu, hii michoro umeitoa safi mno, naona mpaka uzi wa nati." Na nisikufiche, nilikuwa nazingoja simu hizo, nilikuwa naweka chai karibu kabisa, maana watu wanaoingia dukani kwangu wananiuliza bei tu, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilichokifanya kimefanywa vizuri.

Wiki iliyopita Jumatatu nikasema na mimi nibadilishe pedi za breki za gari langu, nikafungua sura ya breki kwa mara ya kwanza, nikafuata kila kitu, na mwisho nikachukua ile spana yenye kipimo, inayolia tak ikifika nguvu uliyoipangia, nikaipanga kama kitabu kinavyosema, nikaanza kukaza boliti inayoshika breki ya mbele. Ilikatika kabla spana haijalia. Nikasema ni kutu, nikanunua nyingine mpya, nayo ikavutika kama ulimi. Nikaacha. Jumatano niko dukani najaribu gundi mpya, na mimi gundi najaribia kwenye vile vipande vya karatasi ninavyokata, huwa sivitupi, nikachukua kipande kimoja nikakipaka, jicho likaangukia maandishi. Jina la gari ni hilohilo, mwaka ni mwingine, ni wa lile toleo lililofuata, lile lenye mwili mzito zaidi. Nikatafuta vipande vingine kwenye boksi, vyote vya kitabu cha pili vinasema hivyohivyo. Nikapima boliti yangu kwa rula, nikaangalia unene uliotajwa kwenye mchoro, yangu ni nyembamba, vichwa vinalingana, spana ni ileile, lakini mwili ni mwembamba. Kwa hiyo nguvu ile ni ya boliti nene, ukiitia kwenye nyembamba ama inakatika mkononi, na hiyo ndiyo bahati, ama inavutika bila wewe kujua, unafunga tairi, unashusha jeki, inakuja kukatika siku nyingine barabarani ukikanyaga breki.

Mtu mwingine angekaza kwa mkono na kubahatisha, pengine yasimkute. Huyu ni mtu wa mizani, Mshauri! Ana spana yenye kipimo, anaiweka kwenye boksi lake lenye kitambaa laini, kitabu kikimwambia nguvu fulani hapunguzi hata chembe.

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia kwenye simu, mzazi mwenzangu, kwa nini tusikodi gari kubwa, watoto wapande kwa nafasi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Gari langu lina kasoro gani?" nikasema halina. Nikamwambia nirudishie kitabu nikiwekee jalada zuri zaidi, akasema hili linamtosha mpaka kufa, na neno hilo lilinikata maini. Jumamosi nikaenda mwenyewe kuwasalimu, na nilikuwa na wembe kwenye mkoba, nia yangu ni kuutoa ule ukurasa wenye vipimo, mimi najua kutoa ukurasa bila alama. Mzee akatoka kufungua geti, nikakichukua kitabu upesi, wembe uko katikati ya kurasa, mara mama mwenye nyumba huyo na sinia la chai. Nikakifunga. Nikatabasamu. Nikanywa chai vikombe vitatu nikingoja atoke, hakutoka, tukaongea habari za sare mpaka nikaaga, na wembe nimeuacha humo ndani ya kitabu.

Jumapili nikashindwa kuvumilia nikamwambia binti yangu. Nilidhani ataniambia mama twende. Akapiga magoti, Mshauri, mtoto mzima. "Mama, nakuomba, usiseme. Yule baba anatafuta sababu tu. Ukimwambia kitabu kina kosa atasema si niliwaambia, watu wa takriban. Ngoja harusi ipite, Jumatatu yake umwambie." Nikamuuliza, na Jumamosi ukiwa ndani ya hilo gari je? Akasema, "Tutakwenda polepole. Kuna kona ngapi mpaka ukumbini?"

Na jana jioni simu ikalia. "Mzazi mwenzangu, sura ya usukani nimeimaliza. Alhamisi naingia kwenye breki." Na mimi, mdomo huu, nikasema, "Hongera, mzee."

Sasa Mshauri, naomba unipe njia ya kumzuia bila kumwambia, au kama hakuna njia, uniambie nimsikilize mwanangu nisubiri au nimvunjie uchumba wake kwa mdomo wangu. Barua hii nimeileta mwenyewe na kumwachia mlinzi wenu, nyuma ya bahasha nimeandika duka lilipo. Nipo njia panda.

Ni mimi,
Mama Jalada


Jibu:

Mama Jalada,

Barua yako nimeisoma mara moja tu, mara ya pili sikuthubutu. Safu hii inatoka Ijumaa na mzee wako anaingia kwenye breki Alhamisi, kwa hiyo jibu hili nimeliandika kwanza kwa mkono na kumpa dereva wetu anayesambaza magazeti akuletee dukani asubuhi hii. Wasomaji wengine watalisoma baadaye, wao hawana haraka.

Unaomba njia ya kumzuia bila kumwambia. Haipo. Umeshajaribu gari la kukodi, umejaribu jalada jipya, umejaribu wembe, umekunywa chai ya watu vikombe vitatu, na mzee bado yuko njiani kuelekea kwenye boliti. Unataka jaribio la nne liwe nini, ukaibe magurudumu? Na huo wembe uliouacha humo, mwenzangu! Umetoka nyumbani kwako kwenda kupunguza hatari kwenye kitabu, ukaiongeza. Mzee anafungua kurasa kwa kidole kila siku. Kama hajakatwa mpaka sasa, ni kwa baraka za wazazi wake.

Pole nakupa, ingawa Waswahili walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nakupa kwa sababu nimeona unavyoteseka, na kwa sababu umemlea binti peke yako mpaka hapo, na si mchezo kusikia mlango uliokuwa umefungwa umefunguliwa kwa kitu ulichokitengeneza wewe. Mimi ningekuwa wewe hata mimi ningeweka chai karibu na kungoja simu. Lakini pole imeishia hapo, sasa nisikilize.

Umeniandikia kana kwamba anayekuziba mdomo ni binti yako. Hebu tuhesabu kwa kalenda yako mwenyewe. Boliti ilikatika Jumatatu. Mwaka wa toleo umeuona Jumatano. Binti umemwambia Jumapili. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi binti alikuwa hajui lolote, hajapiga goti lolote, na simu ya mzee ilikuwa inalia kila jioni. Siku hizo ulikuwa unamlinda nani? Nitakwambia mimi, usikasirike. Ulikuwa unalinda "mtu wa kazi safi". Umelipata hilo neno la sifa ukiwa mtu mzima, limekuingia tamu, na sasa hutaki kulirudisha hata kama bei yake ni mwanao kukaa kiti cha nyuma cha gari hilo siku ya harusi yake.

Lirudishe. Si lako bado. Kazi safi si kurasa kulingana, mama. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Anayefungua kitabu cha ufundi hatafuti cha kupamba sebule, anatafuta kuambiwa ukweli kuhusu gari lake, na wewe kile kichwa cha ukurasa kilichokuwa kinasema ukweli umekikata kwa sababu kilikuwa kinakuwasha. Umekata jina la mwenye mali ukabaki na mali. Kama ungeacha kurasa zikapishana kidogo, kitabu kingekuwa kibaya kwa sura na hakuna mtu ambaye leo angekuwa anatetemeka.

Na wewe binti, najua nawe utasoma, maana hakuna mama aliyewahi kuficha gazeti lisionekane. Nakuelewa. Ulikonda ukingoja mtu akukubali, na sasa amekubali, unaogopa hata kupiga chafya. Lakini umemwambia mamako "tutakwenda polepole." Mwanangu, hutakuwa wewe unayeendesha. Atakuwa baba mkwe wako, na pembeni yako mume wako, na hao wawili hawajaulizwa kama wanakubali kwenda polepole. Unataka kuingia kwenye nyumba ya watu kwa kuwaendesha juu ya siri? Mtu akivunja uchumba kwa sababu umemwambia kitu kitakachomuua, basi mwache auvunje mapema, kabla hujamzalia watoto. Mimi sidhani kama atauvunja. Lakini hata kama angeuvunja, bora nusu shari kuliko shari kamili.

Sasa fanya hivi, na fanya leo. Usimpigie simu, kwenye simu utasema hongera tena, nimeshakujua. Nenda. Usibebe keki wala zawadi, usiende na wazee wa kukusemea. Beba ile boliti iliyokatika na ile iliyovutika, beba vile vipande vya karatasi vyenye mwaka, na beba kitabu chako. Ukifika usikae. Ukikaa utaletewa chai na sisi tunajua mambo yako na chai. Mwambie hivi, maneno haya haya: "Mzazi mwenzangu, sura ya breki si ya gari lako. Ni ya toleo lililofuata. Kichwa cha ukurasa nilikikata mimi ili kipendeze, na nimejua kabla ya leo nikanyamaza. Usikaze boliti hata moja." Kisha mwambie habari ya wembe. Kisha nyamaza wewe, umwache aseme. Atafoka. Kufoka kwa mtu wa mizani si kudogo, maana umemgusa pale pale anapojivunia. Mvumilie. Usijitetee kwa mchwa wala kwa mwalimu wa chuo cha ufundi, mchwa hawakushika mashine ya kukatia.

Kama alishaanza kukaza, boliti zote alizozigusa zitupwe, ziwekwe mpya, na breki za Jumamosi zishikwe na fundi ambaye kila siku anashika breki, alipwe hela yake. Mzee asimame pembeni aangalie kama kilo ni kilo, hiyo itampoza. Sura ya usukani nayo ilikuwa ya kitabu kilekile cha pili, umeniandikia mwenyewe kwamba ameimaliza, na hujashtuka! Nayo ifunguliwe yote, ikaguliwe upya.

Kuhusu vitabu vyenyewe, kwako na kwa yeyote mwenye gari la zamani anayehangaika kama ulivyohangaika, kutafuta kitabu ni vizuri, nakusifu, kuuliza si ujinga na kusoma ni kuuliza. Lakini jina la gari peke yake halitoshi. Magari hurithishana majina, jina moja kizazi hadi kizazi, na ndani mifupa ni mingine. Fungua boneti, tafuta kibati chenye namba ya chesisi, andika namba, andika mwaka, ndipo ukalinganishe na kitabu. Kitabu kisichoonyesha mwaka kitakufaa kwa kutazama picha, usikazie boliti kwacho. Ukikosa sura, acha pengo lake, weka karatasi nyeupe uandike kwa herufi kubwa kwamba hii haipo. Na ukiazima sura ya kitabu kingine iache kwenye jalada lake, kila ukurasa uupige mhuri wa toleo lake. Wake wenza wanaweza kuelewana, lakini huwalazi kitanda kimoja. Hicho kitabu chako chekundu kifumue leo jioni ukirudi. Najua kitakuuma. Kifumue.

Nilikuwa nimeishia hapo, ukurasa umeshapangwa, na dereva akarudi. Nimemkalisha aniambie yote, na kwa kuwa wasomaji wangu hawatanisamehe nikificha, naandika.

Anasema alikukuta dukani na binti yako. Ulisoma ukiwa umesimama, ukaegemea kaunta, ukaanza kulia bila sauti, na binti akakunyang'anya karatasi. Akaisoma yote, mpaka pale palipomhusu. Dereva anasema alidhani ataichana. Akakunja, akaingia nyuma akatoka na boksi la vipande vya karatasi na zile boliti mbili, akasema, "Mama, funga duka." Wewe ukasema tumpigie kwanza tujue kama yupo. Akasema, "Mama. Funga duka." Mkapanda gari la dereva wangu na magazeti yake bila hata kumuuliza anakwenda wapi.

Mzee mmemkuta uani, gurudumu la mbele limetoka, kitabu kimefunguliwa juu ya kigoda, spana mkononi. Hakungoja Alhamisi, mtu mwenye bidii hangoji. Binti ndiye aliyechuchumaa hapo kwenye mafuta na nguo zake, akamshika mkono wa spana, akasema, "Baba, weka chini kwanza. Kitabu kina kosa. Mama alitaka kukwambia, mimi ndiye niliyemzuia." Ndipo na wewe ukasogea, ukasema maneno yale niliyokupa, ukaongeza na yako, dereva hakuyakumbuka yote, alisema yalikuwa mengi na kamasi zilikuwa zinakutoka.

Mzee hakufoka. Hapo nilikosea mimi, nakiri. Aliichukua boliti iliyokatika, akaigeuza kwenye mwanga, akachukua kipande cha karatasi akakisoma, akakipangusa gundi kwa kidole. Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni. Kisha mzee akauliza swali moja tu, tena kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mmejua tangu lini?"

Hapo dereva wangu akaondoka, ana magazeti ya watu. Kwa hiyo sijui harusi itakuwa Jumamosi au haitakuwa, na wewe pengine unayasoma haya ukiwa umeshajua. Lakini kama hilo swali bado liko uani pale linangoja, Mama Jalada, usimwachie binti alijibu. Lijibu wewe, na usipunguze hata siku moja.

Mshauri wako